Maji Yaliingia Lini?

Plagi ya mashine ya boti ikitoka na tone la maji kwenye ncha, au ukiona wekundu wa kutu umezunguka uzi wake, kila aliyesimama karibu huwa na jibu tayari: gasketi ya hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya bloki na kifuniko cha silinda, imekwisha. Boliti zinaanza kufunguliwa palepale. Moja mbili zinakatikia ndani ya bloki, gasketi mpya inafungwa, mashine inarudi majini, na haupiti muda plagi ileile inatoka na tone lilelile. Nimeshuhudia hili mara nyingi kwenye mashine kongwe za kufungwa nyuma ya boti, hasa zile za tu-stroki (zinazochoma oili pamoja na petroli) zilizokulia kwenye maji chumvi. Siku hizi mtu akiniletea kesi ya kutu, kabla ya kumuuliza maji yamepita wapi namuuliza yaliingia lini.

Nyakati ni tatu. Maji huingia mashine ikiwa inafanya kazi, au katika zile dakika chache baada ya kuzimwa, au ikiwa imelala siku na siku. Kila wakati una washukiwa wake. Gasketi ya hedi ni mshukiwa mmoja tu wa kundi moja, ila ndiyo inayobebeshwa lawama za wote kwa kuwa ndiyo inayojulikana kwa jina.

Kumbuka kwamba mashine ya aina hii haina rejeta. Inapozwa na maji yaleyale ambamo propela yake inazunguka. Impela ya mpira, kijigurudumu chenye mabawa kilicho chini kwenye mguu (ile sehemu inayoshuka majini na kubeba propela), huyavuta na kuyasukuma juu kwa bomba jembamba, yakazunguka njia ya moshi, silinda na hedi, yakapita kwenye themostati ambayo kwa mashine nyingi hufunguka kati ya nyuzi 50 na 62 za Selsiasi, kisha yakaporomoka ndani ya mguu, yakachanganyika na moshi na kutokea chini. Ule mchirizi unaouona nyuma, mashine inapokojoa, ni sehemu ndogo tu ya maji hayo, imetengwa ili ujue pampu iko hai. Maana yake ni kwamba ndani ya kipande cha aluminiamu unachoweza kukikumbatia, moto, moshi na bahari vinapita bega kwa bega, na kinachovitenganisha ni kuta za milimita chache na karatasi za gasketi. Chumvi ikishapita humo miaka na miaka, kuta hizo haziwezi kubaki kama zilivyotoka kiwandani.

Kutu nayo ina mengi ya kusema hata kabla hujafungua kitu, ukiisoma kwa rangi. Bloki, hedi na mguu ni aluminiamu, na aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Huota unga mweupe au wa kijivu, wakati mwingine vimalengelenge vyenye unga ndani. Kijani ni cha shaba. Wekundu ni wa chuma peke yake, na kwenye mashine nyingi za zamani chuma kiko sehemu chache: laina za silinda, yaani kuta zake za ndani, ambazo ni chuma cha kusubu, ringi za pistoni, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na beringi zake, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), boliti na flaiwili, lile gurudumu zito la juu. Kwa hiyo maji ya rangi ya chai yakitoka kwenye tundu la plagi, yamegusa laina au krenki. Unga mweupe ukijazana kwenye bakuli la kabureta, maji yamekuja na petroli, na hapo hedi haina hatia hata kidogo. Wekundu ulioko chini ya flaiwili, kwenye sumaku, ni wa maji yaliyopita kofia, yaani kifuniko cha juu cha mashine. Unaweza kukuharibia umeme wa plagi lakini hauhusiani na silinda.

Swali la pili ni maji ya aina gani, na hapa nina jaribio ninalolipenda kwa sababu halihitaji kifaa. Toa plagi yenye maji, gonga ncha yake juu ya kifuniko cheusi cha plastiki ili tone lianguke, uliache likauke lenyewe kivulini. Litaacha duara la mafuta, hilo ni la oili iliyochanganywa na petroli, lisikusumbue. Tazama ndani ya duara. Maji ya bahari huacha ukungu mweupe, na ukisogeza jicho karibu au ukatumia kamera ya simu utaona vipande vidogo vyenye kingo, vinang'aa: chumvi. Maji ya mvua, ya mvuke ulioganda au yaliyokuwa kwenye tangi hayaachi kitu ila lile duara la mafuta. Usilionje tone kwa ulimi, lina petroli. Na kama mashine yako inafanya kazi ziwani au mtoni jaribio hili halikusaidii. Itabidi uyatenge mambo kwa njia nyingine, kuanzia na kumimina petroli ya tangi kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na mstari utauona.

Swali la tatu ni silinda ipi. Zikilowa zote kwa pamoja, mfikirie petroli, mvua, au wimbi. Ikilowa moja, tatizo liko jirani na hiyo moja. Zikilowa mbili zinazopakana na kompresheni zao (mbano wa hewa ndani ya silinda) zikashuka pamoja, hapo ndipo nami ninapoanza kuitazama gasketi ya hedi kwa jicho baya, kwa sababu ule ukanda mwembamba wa gasketi kati ya silinda mbili ndio unaoungua kwanza.

Mashine yangu ni ya silinda mbili, farasi 40, kongwe kiasi kwamba rangi yake ya kwanza imebaki ndani ya kofia tu. Ikikimbia haikuwa na neno. Ukishusha mwendo, silinda ya chini ilikuwa inakufa, inatikisika, halafu ukiongeza mafuta inafufuka. Baadhi ya asubuhi plagi ya chini ilikuwa inatoka inachuruzika. Asubuhi nyingine kavu kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitia wazimu, maana uvujaji wa kweli ungekuwapo kila siku. Tone lilipokauka liliacha chumvi. Geji ya kompresheni, plagi zote zikiwa nje, mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho na waya wa umeme umegusishwa bodi, ilisoma karibu sawa juu na chini.

Kuhusu geji hiyo. Watu wanaiamini kupita kiasi. Inapima kama silinda inashika hewa pistoni ikipanda, basi. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15 una jambo la kuchunguza, lakini namba nzuri hazimaanishi hakuna maji yanayoingia. Hedi iliyopasuka kwa ufa mwembamba inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto. Na sehemu nzima ya upande wa moshi, geji haiioni kabisa, kwa sababu wakati kompresheni inapimwa pistoni imeshayafunga matundu ya moshi.

Basi nikaenda na nyakati. Kwanza, mashine ikiwa imepata moto vizuri, unaizima na kutoa plagi palepale. Ukikuta maji, yameingia ikiwa inafanya kazi. Pia chungulia ndani ya tundu kwa tochi au kamera ndogo ya waya: kichwa cha pistoni cha silinda nzima huwa cheusi kwa masizi, lakini silinda inayomeza maji pistoni yake hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, kwa sababu mvuke umeyang'oa masizi yote. Hii ni dalili yenye nguvu kuliko tone lenyewe, maana tone laweza kukauka, ila pistoni iliyosafishwa haijirudishii masizi kwa siku moja.

Pili, unaiwasha tena, unaizima, safari hii unaacha plagi mahali pake na mashine imesimama wima, unarudi baada ya saa chache. Tatu, unaipulizia oili ndani ya silinda ikiwa kavu, unaizungusha kwa mkono, unaiacha bila kuiwasha siku kadhaa, ikiwezekana na mvua ikiwamo, ndipo unaangalia.

Pistoni ya chini kwangu haikuwa nyeusi wala haikung'aa. Ilikuwa na madoa, nusu imesafika upande mmoja, upande wa matundu ya moshi. Jaribio la kwanza lilitoa unyevu wa kutilia shaka. La tatu lilitoa kavu. La pili ndilo lililotoa maji, lakini si kila mara.

Hapa ndipo tu-stroki inapohitaji kufikiriwa kwa namna yake. Haina vali za moshi. Kinachofungua na kufunga njia ya moshi ni pistoni yenyewe inapopita kwenye matundu ya ukutani. Mashine ikizimwa, kila pistoni inasimama ilipojisikia. Iliyosimama juu imefunga matundu yake; iliyosimama chini imeyaacha wazi, na silinda yake ni kama chumba kisicho na mlango kinachotazama njia ya moshi. Kama kuna maji yanayochuruzika ndani ya njia hiyo ya moshi kutoka kwenye maji ya kupoza yaliyo nyuma ya ukuta wake, yataingia siku ambazo pistoni imesimama chini, na siku ambazo imesimama juu yatapita zake hadi kwenye mguu. Asubuhi kavu na asubuhi yenye maji zikaeleweka.

Kuithibitisha dhana hiyo ni rahisi. Nilipozima mashine nilitoa plagi ya chini, nikaingiza kijiti laini cha plastiki, nikazungusha flaiwili taratibu mpaka kijiti kikazama mwisho wake, maana yake pistoni iko chini na matundu yako wazi. (Flaiwili izungushwe upande wa saa tu, mabawa ya impela yamelala upande mmoja na ukiyarudisha kinyume unaweza kuyavunja.) Nikarudisha plagi, nikaondoka. Niliporudi kulikuwa na maji. Siku nyingine nikafanya vilevile lakini pistoni ikiwa juu, na silinda ilikuwa kavu. Gasketi ya hedi haiwezi kuchagua hivyo.

Kuna jaribio la hewa ambalo mafundi hulitumia na ni zuri ukijua linapoishia: unaweka pistoni juu kabisa, unaingiza hewa kupitia tundu la plagi, na kusikiliza inakotokea. Hewa ikipiga mapovu kwenye njia za maji, gasketi ya hedi au hedi yenyewe imetoboka. Kwangu haikutoka. Lakini uvujaji wa upande wa moshi haujibu jaribio hili, kwa sababu ileile: pistoni imefunga. Ili kuupata kwa hewa lazima uziwekee shinikizo njia za maji zenyewe, kwa kushusha bloki kutoka kwenye mguu, kuziba matundu ya chini kwa bamba na mpira, kuingiza hewa kidogo na kupaka maji ya sabuni. Kazi ya siku nzima. Mimi niliona ushahidi unatosha kufungua kava la moshi.

Boliti za kava hilo ni adui kuliko uvujaji. Ni chuma ndani ya aluminiamu, chumvi imejipenyeza kati yao kwa miaka, na ule unga mweupe umetanuka na kuzibana. Ukiweka spana na kuvuta kwa hasira, kichwa kinabaki mkononi. Ninachofanya ni kugonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo, mapigo mengi madogo, kisha mafuta ya kulegeza, kisha kusubiri hadi kesho yake. Halafu moto kwenye aluminiamu inayoizunguka boliti, si kwenye boliti, kwa sababu aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma na tundu ndilo linalofunguka. Kwanza hakikisha hakuna petroli wala tangi karibu. Kisha unakaza kidogo kabla ya kulegeza, unaenda mbele na nyuma robo robo. Sauti ya boliti inayokubali ni mlio mkavu wa ghafla. Ile inayozunguka laini bila mlio, kama iko kwenye siagi, hiyo inajinyonga, simama.

Chini ya kava la nje kuna bamba la ndani. Watu wengi hawajui lipo. Upande mmoja linagusa moshi, upande mwingine maji, halina mapumziko kati ya moto na baridi, na kwenye mashine za zamani huwa ni jembamba. Langu upande wa maji lilikuwa limejaa ukoko mweupe mgumu, na chini ya ukoko, usawa wa silinda ya chini, kulikuwa na vishimo kama alama za sindano. Nilipokwangua ukoko kwa kijiti cha mbao na kuliinua bamba kuelekea dirishani, kishimo kimoja kilipitisha mwanga. Kidogo sana. Ungeweza kukiziba kwa ncha ya penseli. Upande wa moshi, kuanzia kwenye tundu hilo kwenda chini, masizi yalikuwa yameoshwa na kuacha mstari wa aluminiamu safi hadi ukingoni mwa tundu la moshi.

Mstari kama huo ndio unaotafutwa kila unapofungua kitu. Kwenye gasketi ya hedi vilevile, usiivue na kuitupa. Itazame pande zote mbili. Palipovuja moto pana njia nyeusi inayokatiza ile pete ya chuma inayozunguka silinda. Palipovuja maji pana njia ya kutu au pameoshwa. Kama gasketi haina njia yoyote, haikuwa inavuja, hata kama ni kuukuu.

Bamba lililotoboka hubadilishwa. Ipo gundi ya aluminiamu ya sehemu mbili, na nimeona imeshikilia msimu mzima, lakini pale moto na maji vinapokutana mimi naichukulia kama ya kukurudisha nyumbani. Nyuso za kuwekea gasketi nazilaza kwa msasa laini juu ya kioo kinene, mzunguko wa namba nane, bila kugandamiza. Kwa hedi, rula ya chuma ikiwekwa pembe kwa pembe na filageji (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.1 ikapita chini yake, hedi imepinda na gasketi mpya haitakaa muda. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa spana ya kipimo na namba za kitabu cha mashine hiyo, na nyuzi zake zipakwe kitu cha kuzuia chumvi, maana kuna siku zitafunguliwa tena na huenda ukawa wewe. Zinki za ndani, kama mashine yako inazo, zibadilishwe zikiisha nusu. Ni ndogo, zimejificha kwenye hedi au pembeni mwa bloki, na nimekuta mashine ambazo zinki zake zimegeuka unga mtupu: kuanzia hapo chumvi ilikuwa inakula bloki yenyewe.

Makundi mengine ya washukiwa nitayapitia haraka. Anayeingiza maji mashine ikifanya kazi, ukiacha hedi, ni sili ya chini ya krenki, pete ya mpira inayozuia maji kupita kwenye shafti. Kasha la krenki la tu-stroki hunyonya kila pistoni inapopanda, na sili ikiwa imekauka litanyonya kilichoko chini yake, yaani moshi na unyevu wa mguu. Silinda ya chini ndiyo inayoumia, na beringi ya chini ndiyo inayoshika kutu kuliko zote.

Wakati wa kuzima, mbali na bamba la moshi, kuna wimbi. Boti ikiwa mbio na ukaachia mafuta ghafla, wimbi lako mwenyewe hukufikia tezini, yaani nyuma ya boti, na kusukuma maji juu kupitia njia ya moshi. Boti iliyoelemewa tezi, au mashine ya mguu mfupi kwenye tezi ndefu, iko karibu na hatari hiyo muda wote.

Ikiwa imelala, wa kwanza ni mtindo wa kulaza. Mashine isilazwe wala kusafirishwa propela ikiwa juu kuliko bloki kabla maji ya mguuni hayajaisha, kwa sababu yatarudi chini, na chini sasa ni kwenye matundu ya moshi. Isimamishe wima kwanza mpaka iache kudondosha. Mkao huu unaacha hata alama: mashine ikiwa wima silinda zimelala, na maji yaliyotuama humo huchora ukanda wa kutu kwenye ukuta wa chini wa laina. Ikiwa imeinamishwa mbele boti ikipumzika, hedi inaangalia juu na maji hukimbilia kwenye kasha la krenki, laina ikabaki safi huku beringi zinaoza. Kutu nyembamba iliyoenea sawasawa kwenye silinda zote, bila ukanda, mara nyingi ni unyevu wa hewa tu kwa mashine iliyokaa bila oili. Haina uvujaji wowote wa kutafuta.

Ukikuta kamba haivutiki, usishindane nayo. Maji hayabanwi, na silinda iliyojaa ukaivuta kwa nguvu hupinda konrodi. Toa plagi, zungusha, maji yaruke. Na mashine iliyozama au kumeza bahari, kinachoiua ni hewa baada ya kutolewa. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, toa maji, jaza oili silinda na kabureta, na iwashwe ndani ya saa chache. Kama huna namna ya kuishughulikia leo, ni afadhali ikae imezamishwa kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi kuliko ikaushwe juani.

Kutu iliyokwishaingia huhukumiwa kwa kucha. Pitisha ukucha juu ya laina. Ukiteleza juu ya doa, ni rangi tu, msasa wa honi (wa kusugulia silinda) utaondoa. Ukinasa, kuna kishimo, na itabidi silinda ichongwe na kuwekewa pistoni ya kipimo kikubwa, mara nyingi milimita 0.25 au 0.50 zaidi. Beringi hazina huruma hiyo. Sindano ya beringi yenye kidoa cha kahawia hata kimoja haisuguliwi, inatupwa, maana kidoa hicho ndipo chuma kitakapoanza kumeguka ikizunguka mara elfu tano kwa dakika. Zungusha krenki kwa vidole plagi zikiwa nje, sikiliza. Mkwaruzo mdogo kama wa mchanga unatosha kutoa uamuzi.

Limebaki giaboksi, ambalo watu hulitenga kama ugonjwa mwingine lakini swali lake ni lilelile. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yapo. Mashine ikiwa imetulia wima usiku kucha, legeza skrubu ya chini kidogo sana: yakitangulia matone ya maji kabla ya oili, ni mengi. Lakini yaliingia lini? Si mbio, kwa kawaida. Ikiwa inafanya kazi oili hupata moto, hewa ya ndani hutanuka, na kinachotaka kutokea ni oili. Ukizima, giaboksi likiwa limezama kwenye maji baridi, hewa ile hujikunja na kunyonya, na sili iliyochakaa hupitisha maji kwenda ndani. Ndiyo maana sili moja inaweza kushika vizuri shinikizo la hewa kutoka ndani, nyingi hujaribiwa kwa karibu psi (paundi kwa inchi ya mraba) 10 hadi 15 kulingana na kitabu, na ikashindwa ukijaribu kwa pampu ya kunyonya. Fanya majaribio yote mawili, huku ukizungusha shafti, geji isimame bila kushuka dakika kadhaa.

Kabla ya hayo, toa propela. Mara nyingi nyuma yake, kwenye shafti, utakuta mshipi umejisokota, umekaza na kuyeyuka kidogo, na umeshakata mdomo wa sili. Kata mshipi wote, kagua pia washa za skrubu mbili za oili, ambazo hubadilishwa kila oili inapobadilishwa na ambazo karibu hakuna anayezibadilisha. Oili mpya ijazwe kwa tundu la chini mpaka itokee la juu bila mapovu, ufunge la juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga la chini.